Ufunguo wa Akiba Shingoni mwa Baba Mkwe

Pikapu yetu ilikuja na funguo mbili. Nazikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwepo siku mume wangu alipoifikisha nyumbani Mbugani, Kyela, imejaa vumbi la safari ndefu kutoka Dar es Salaam, karatasi yenye maandishi ya Kijapani bado imebandikwa kiooni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mume wangu alikuwa karani wa chama cha ushirika, ushirika ukapunguza watu, akapewa kiinua mgongo. Wenzake walijenga, yeye akanunua gari la mtumba. Majirani wakaja kulishikashika. Mimi kichwani nilikuwa nimeshapanga: ufunguo mmoja atembee nao yeye, wa pili ukae kabatini ndani ya kikombe, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili zake angeuweka.

Weee! Jioni ile ile akaupeleka kwa baba yake. "Cha akiba hukaa kwa mkubwa," akaniambia, kana kwamba mimi ni mtoto wa shule. Mzee akautia kamba ya katani, akauvaa shingoni ndani ya shati.

Nilinuna wiki nzima, na sababu ninayo. Mimi ni mtu wa Muheza, nililetwa Kyela na serikali kufundisha shule ya msingi, nikaolewa huko huko. Kwa Wanyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe wake. Si kuogopa kwa kutetemeka. Maana yake ni kwamba hamtazami, hasemi naye, hakai alipokaa, na akikutana naye njiani huacha njia akaingia majanini mpaka mzee apite. Familia nyingi za mjini zilikwishalegeza mambo hayo. Familia ya mume wangu haikulegeza hata uzi mmoja. Mama mkwe alikuwa akinikumbusha, "Mwacha mila ni mtumwa," nami nikijiuliza kimoyomoyo, na mshika mila asiye na pa kupumulia tumwiteje?

Tuliishi uwanja mmoja na mzee. Tulikuwa na namna yetu ya kupishana. Yeye akitaka kupita upande wa jikoni, hukohoa, nami hujifunika khanga na kugeukia ukutani. Mimi nikitaka kutoka, hugonga mlango kwa mwiko, naye husogea mbali nipate njia. Kukohoa na kugonga, basi, miaka yote ile. Sauti yake niliijua kwa kusikia akiongea na wengine. Sasa hebu niambieni, ufunguo wa gari ninalopanda mimi na mwanangu unafanya nini kwenye shingo ya mtu nisiyeruhusiwa hata kumtazama?

Gari lenyewe lilikuwa na ulemavu wake. Mlango wa abiria ulikuwa umekufa kabisa, haufunguki ndani wala nje. Wa dereva kitasa cha ndani kilivunjika, ukitaka kutoka unashusha kioo, unatoa mkono, unafungulia nje. Na kipini cha kuzungushia kioo kilikuwa kimoja tu. Mume wangu alikuwa akikichomoa na kukitia mfukoni pamoja na ufunguo, eti wezi wasishushe kioo. Alikuwa anafunga gari lile hata akienda kukojoa.

Siku moja ya likizo akasema, "Twende ziwani ukapunge upepo, mke wangu, umekaa sana ndani." Nikafurahi kama mjinga. Kumbe anakwenda kuchukua vyungu. Alikuwa ameanza biashara ya kununua vyungu Ikombe, ambako kina mama huvifinyanga kwa mikono, na kuvipeleka kuuza Mbeya. Ikombe gari halifiki. Unaliacha Matema, barabara inapoishia chini ya milima, unapanda mtumbwi. Baba mkwe naye akasema anakuja, ana rafiki yake wa zamani Matema. Kwa hiyo mume wangu akatundika khanga yangu kwenye kioo cha nyuma cha kabini, nisimwone mzee, mzee asinione. Mzee akapanda nyuma kwenye bodi, akakalia kigoda. Mtu mzima vile anapigwa na vumbi, na mimi nimekaa mbele na mtoto. Nilijisikia vibaya. Hata hivyo, nani angeniuliza?

Tulipofika pale mitumbwi inapotia nanga hapakuwa na watu. Kijiji kizima kilikuwa msibani, na rafiki wa mzee naye alikuwa huko huko. Mume wangu akaegesha chini ya mkuyu. Mtoto, ambaye alikuwa bado hajaanza kutembea, alikuwa amelala mapajani mwangu. Mzee nikamsikia akishuka na kigoda chake, akaenda kukaa upande wa nyuma.

"Kaa humu humu," mume wangu akasema. "Baba yuko nje, utakwenda wapi? Nusu saa nimerudi."

"Usinifungie."

"Nafunga kwa usalama wenu."

Akaacha kioo wazi upana wa kidole, akafunga, akaondoka na ufunguo na kile kipini mfukoni. Nilimwangalia akipanda mtumbwi, akapiga hata mluzi.

Nusu saa ikapita, ikapita nyingine. Upepo wa mwera ukaanza kuvuma, ziwa likachafuka, nikajua hakuna mtumbwi utakaotoka Ikombe sasa hivi. Kivuli cha mkuyu nacho kikahama. Jua likaingia kwanza kwenye dashibodi, halafu mapajani, halafu kwenye uso wa mwanangu. Akaamka akalia. Nikamnyonyesha, akagoma. Nikamvua nguo zote. Nikaweka pua yake kwenye ule mwanya wa kioo, nikawa nimemshikilia hapo mpaka mikono ikafa ganzi. Maji tuliyokuja nayo yalikuwa nyuma, kwenye kikapu, nje.

Nilijaribu yote. Honi haikulia bila ufunguo. Nilikipiga kioo kwa kiwiko, nikakipiga teke. Miguuni nina kandambili, jamani, kandambili itavunja kioo gani? Nikamtukana mume wangu matusi ambayo sikujua kama ninayo.

Halafu nikakumbuka: ufunguo wa pili uko hapa hapa. Hatua chache nyuma yangu, kwenye kamba ya katani.

Nikapiga paa la gari kwa ngumi. Nikapiga tena. Kwenye kioo cha pembeni nikaona mgongo wa koti la mzee ukiinuka kutoka kwenye kigoda. Nikashukuru Mungu. Kisha nikaona koti lile linaondoka.

Nilipiga kwa nguvu zaidi, na yeye akaongeza mwendo. Ndipo nikaelewa. Nyumbani mimi nikigonga maana yake nataka kutoka, nipishe. Yule mzee hakujua kama nimefungiwa. Alidhani nimejificha kwa heshima kama mkamwana mwema, na sasa nina haja yangu, nataka kushuka. Kwa hiyo alikuwa ananipa njia. Kila nilivyogonga ndivyo alivyozidi kwenda mbali, na ufunguo wangu shingoni.

Nikaacha kugonga. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameacha kulia, na hicho ndicho kilichonitisha, kwa maana mtoto yule alikuwa mlizi. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, jasho limekauka, macho nusu yamefumba, kichwa kinaanguka huku na huku. Nilimwita jina lake. Hakugeuka.

Unajua, hata hapo nilisita. Nasema kweli. Mdomo uliukataa ule wito. Walikuwa wameniambia mkamwana anayemsemesha baba mkwe huiletea nyumba maradhi, kwamba watoto wake ndio wanaoumwa. Nikawa nimeshika mtoto anayekufa, naogopa nisije nikamsababishia ugonjwa. Ukiwa ndani ya kitu kama hicho huoni kwamba ni kichekesho.

Nikaweka mdomo kwenye mwanya wa kioo.

"Tata!" nikapiga kelele. Ndivyo wanavyomwita baba. "Tata, nimefungiwa! Njoo na ufunguo! Mtoto anakufa!"

Koti likasimama. Lilisimama muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko asubuhi yote ile. Kisha yule mzee akalivua, akajifunika kichwa kizima, akageuka, akaanza kunijia kinyumenyume. Alikuwa anajikwaa kwenye mawe. Alianguka mara moja, akainuka, koti halikumtoka kichwani. Na njia nzima alikuwa anakohoa, anakohoa, ili nijifunike. Nami nikajifunika! Ndani ya joto lile nikachukua upande wa khanga nikauweka usoni.

Nikasikia mkono wake unapapasa bodi, ukafika mlangoni, ufunguo ukakwaruza kitasa. Mlango wa abiria. Ule uliokufa.

"Siyo huo, tata. Huo ni mbovu. Zunguka upande wa dereva."

Akazunguka, mgongo umeegemea gari, mkono mmoja unapapasa. Ufunguo ukaingia. Akazungusha, haukukubali. Mikono yake ilikuwa nyuma yake, na sidhani kama maishani mwake aliwahi kufungua gari.

"Upande mwingine," nikamwambia. "Zungusha upande mwingine. Taratibu."

Kitasa kikaachia. Nikausukuma mlango kwa mguu na kumpita mbio, mtoto kifuani, mpaka majini. Nikaingia na nguo zangu mpaka kiunoni. Nikamwagia mtoto maji kichwani, nikampangusa midomo, nikampulizia usoni. Hakulia. Nikaendelea kumwagia huku nasali na kutukana kwa pamoja.

Ukingoni mzee alikuwa amesimama palepale, koti kichwani, mgongo kwangu. Alipaswa kuwa ameshaondoka. Mila ilimtaka aondoke, na nafasi alikuwa nayo. Hakuondoka.

"Anapumua?" akauliza.

Kwa Kiswahili, kwa lafudhi yake ya Kinyakyusa. Nikazidi kumpulizia mtoto usoni. Akauliza tena, safari hii kwa kupiga kelele, "Anapumua?" Na mwanangu akakohoa, akatoa sauti ndogo, halafu akaangua kilio kikubwa cha hasira ambacho sijawahi kusikia kitu kitamu kama hicho.

"Anapumua, tata."

"Ndaga," akasema. Asante. Sijui alikuwa anamshukuru nani. Akaenda zake kwenye matete, nikamsikia analia kwa sauti kubwa kama wanavyolia msibani.

Mume wangu alifika jua limeshuka, ana vyungu vyake, ana maneno mengi juu ya mawimbi. Akanikuta nimekaa mchangani nimelowa, mtoto ananyonya. Mlango wazi.

"Nani kafungua?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, mzee akajibu kutoka nyuma ya gari.

"Amepita mwanamke mmoja mwenye vyungu. Alinivua ufunguo, akamfungulia. Mimi nilikuwa nimelala."

"Umelala? Baba! Mtoto analia karibu hivi, wewe umelala?"

"Nimelala, mwanangu. Ni uzee."

Nilielewa mara moja alichokifanya. Akisema ukweli, kesho ndugu wataitwa, nitasimamishwa katikati ya uwanja, na mtoto akipata hata mafua, ni mimi. Akaona afadhali aonekane mzee asiyefaa kitu. Na mimi sikuweza kumtetea, kwa sababu kumtetea ni kusema kwamba nilimwita na akanijibu. Nilitaka kupasuka.

Mume wangu alimheshimu baba yake, hakumfokea. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. "Basi, baba, nipe huo ufunguo nikupunguzie mzigo. Umri umekwenda."

Nikageukia ziwani, lakini nikasikia kamba ikivuliwa. Mume wangu akaja, akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Haya, ulikuwa unautaka. Kaa nao wewe."

Kamba ilikuwa na unyevu wa jasho la mzee. Niliifunga kwenye pindo la khanga, nikapanda kabini na mtoto, na mzee nikamsikia nyuma akipangua vyungu apate pa kuweka kigoda chake. Nililia kutoka Matema mpaka Ipinda. Mume wangu alidhani nalia kwa ajili ya mtoto, akawa ananibembeleza, ninyamaze, mbona mtoto mzima.