Debe la Baridi la Kombo

"Mama Hija," Praxeda alimwuliza jirani yake Mwatima siku moja wakianua nguo uani, "Rafaeli wangu ananiambia yule bwana anayemwendesha kule Amani milimani ana chombo cha baridi dirishani mwa motokaa, na kila wakishuka nacho Tanga hakifui dafu. Sasa hili debe la Baba Hija limewezaje?"

Mwatima akaikunja kanga pembe kwa pembe, akaikunjua, akaikunja tena. "Joto na baridi ni vya Mwenyezi Mungu, mwenzangu," akasema, kisha akaingia ndani upesi kutazama chungu ambacho wala hakikuwa motoni.

Baba Hija mwenyewe, Kombo, alikuwa Mpemba wa Wete, mfupi, mwepesi wa kucheka na mzito wa kukubali kosa. Alikuja Tanga kijana, akawa utingo wa malori ya mkonge, kisha dereva, na mwisho akanunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akirudi kwao motokaa kuukuu nyeusi, ndefu hata ikikata kona Chumbageni waliokaa barazani huvuta miguu. Aliiosha kila alfajiri akitoka msikitini, na akiiosha huisemesha. Mwatima alikwisha kuzoea. Wapo wanaume wanaosemesha mengine, alijiambia, afadhali huyu anasemesha chuma.

Kazi aliyoipenda Kombo ilikuwa kupeleka maharusi. Miaka ile ya hamsini mwali alikwenda kwa mumewe amefichwa: vioo vinapandishwa, mapazia yanavutwa, maana kioo kikiwa chini pazia hupepea, na mtaa mzima ukamwona mwali kabla ya mwenyewe. Basi ndani humo mtie bibi harusi na baibui lake, somo yake aliyemfunda, mashangazi, chetezo cha udi, na joto la kaskazi. Kombo mbele alikuwa akikamua kofia.

Siku moja akampeleka mwali Ngamiani. Aliposhushwa, wanja ulikuwa umemtiririka hadi kidevuni. Mama wa bwana harusi akashika kichwa. "Mtoto wa watu kalia hivi? Mmemlazimisha!" Ikabidi wazee wakae, mwali aapishwe kwamba yale si machozi, ni jasho, ndipo pilau ikaliwa. Somo wa mwali huyo alikuwa Bi Time, aliyewafunda nusu ya wanawali wa mji. Alimwendea Kombo pale pale.

"Hili si gari, Kombo, hili ni tanuri. Mwali wangu haingii humu tena."

"Somo, mie nipange na jua?"

"Pangana na umtakaye. Haingii."

Na mwali wa pili wa Bi Time alikuwa Hija, binti wa pekee wa Kombo na Mwatima, aliyeposwa Pongwe. Kombo aliyewapeleka mabinti wa watu wote, wake apelekwe na Uweso, mwenye motokaa mpya na honi ya kuimba! Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akila, analo, akiswali, Mungu amsamehe, analo.

Ndipo Rafaeli, mume wa Praxeda, alipomweleza juu ya kile chombo cha Amani: ndani maji na nyasi, upepo wa mwendo hupita kwenye nyasi mbichi ukaingia ndani umepoa. "Lakini bwana anasema chataka nchi kavu kama Dodoma," Rafaeli akaongeza. "Upepo wetu wa pwani umeshalowa tayari."

Kombo alisikia mpaka pale penye kupoa. Palipofuata hakupasikia.

Akatwaa debe la mafuta ya taa, akalikata midomo miwili, akalijaza katani, akalifunga dirishani kwa waya. Aliporudi kutoka kwenye majaribio alikuwa akichuruzika jasho puani, anasema, "Baridi ipo, Mama Hija, ila bado changa." Tena katani mbichi ikanuka kama beberu aliyenyeshewa.

Harufu ile Mwatima alidhani anaijulia dawa. Nyumba za pwani mtungi haujazwi maji kabla ya kufukizwa ubani. Na debe la maji lina tofauti gani na mtungi? Akaianika katani hadi ikakauka, akairudisha debeni, akapitisha chetezo mdomoni mwake, akafukiza kwa moyo mmoja huku akimsalia Mtume. Hakuliona kaa lililodondokea ndani ya katani.

Chetezo hakijapoa, Bi Time, ambaye Kombo alimwomba alijaribu gari, akaja mapema kuliko alivyoahidi, amejipaka poda na wanja makusudi, ili aone vitakavyoharibika. Kombo kwa furaha akasahau kutia maji. Wakapanda, Bi Time na Mwatima nyuma, vioo juu, mapazia chini, wakashika njia ya Pongwe.

"Mashaallah," Bi Time akavuta pumzi. "Hapo umeweza, Kombo. Harufu tu inapoza."

Upepo wa mwendo ukaingia debeni, ukalikuta lile kaa, ukalipulizia. Kidogo Bi Time akakohoa.

"Kombo, mbona moshi?"

"Si moshi, somo, ndiyo baridi inaanza. Hujapata kuona Lushoto asubuhi ilivyo?"

"Lushoto inawasha macho?"

"Baridi kali huwasha!"

Mwatima alitaka kusema, lakini kikohozi kilimtangulia. Gari liliposimama penye kisima, wanawake waliokuwa wakiteka maji hawakuuliza swali. Walilimwagia ndoo zote, ndani na nje. Bi Time akashuka amelowa, wanja umefika shingoni, poda imekuwa uji.

"Nimefukizwa kama mtungi," akasema taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko kelele. "Kisha nikajazwa maji. Hija atapanda kwa Uweso, maneno yamekwisha."

Kombo alilifunga debe tena mahali pake, tupu, kwa ukaidi tu, na kila alasiri akawa anakwenda kukaa ndani ya gari peke yake. Kuku mmoja wa Mwatima akaona debe halina mwenyewe, akahamia. Mwatima aliiona shingo ya mumewe kupitia dirisha la chumba chao, na akaona aibu, maana kaa lile lilikuwa lake.

Dirisha hilo la chumbani linaelekea njiani. Pazia lake limepitishwa kamba juu na chini, upepo unaingia, mpita njia haoni kitu. Mwatima alikuwa akilivuta kila jioni tangu aolewe. Jioni ile mkono wake ulisita juu ya kamba ya chini.

Siku ya harusi, Kombo alipokwenda kuswali alasiri, Mwatima akaingia garini na sindano. Akayapitisha mapazia yote kamba ya chini, akayakaza, akaacha upenyo pembeni wa kupita upepo. Kisha akavishusha vioo vyote, akasoma Fatiha, akatoka. Ikiwa Hija hapandi, alijisemea, atapanda binti wa mwenzangu.

Honi ya Uweso ikaimba nje. Bi Time akamshika Hija mkono. Hija hakuinuka. Ikaimba tena, Hija kama jiwe mkekani.

"Mwali, umekuwaje? Sema!"

Lakini mwali hasemi. Bi Time mwenyewe ndiye aliyemfunda hivyo, na Hija alikuwa mwanafunzi mzuri. Mashangazi wakaanza kucheka kangani. Mwisho honi ya Kombo, iliyokoroma kama mzee mwenye mafua, ikalia kwa huzuni mara moja tu, ya kuaga. Hija akasimama, akajitengeneza baibui, akatangulia mlangoni kuelekea gari la baba yake.

Mwatima, kama ilivyo ada ya mama, alibaki nyumbani. Alikaa na tasbihi mpaka magharibi, ndipo Bi Time akaingia anapaza sauti toka uchochoroni.

"Mama Hija! Wanja haukuchafuka hata ncha! Wakwe wanauliza mwali kaletwa kwa gari au kaletwa kwa kipepeo! Debe lile, wallahi, nimelitukana bure. Nimeshawaambia Pongwe nzima."

Kombo alikuja nyuma yake, akangoja hata somo akaondoka. Akafungua kiganja, akampa mkewe yai.

"Nimelikuta debeni," akasema. "Limekwenda Pongwe na kurudi." Akatazama pazia la chumbani, akaitazama kamba yake ya chini, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Hija, sikuombi useme uongo, Mungu anatuona. Nakuomba watu wakilisifu debe, wewe unyamaze tu."