Mwenye Gari la Zambarau, na Mwenye la Kijani

Jumamosi iliyopita, kanisani kwetu Mbinga, nilitangaza kwamba magari mawili yamewazuia maharusi kutoka. Nje palikuwa na gari moja.

Mimi ndiye msoma matangazo, na najivunia jicho langu. Misa ilipoisha nilichungulia mlango wa kushoto, nikaona gari la michezo la zambarau limeziba geti. Nikatangaza, hakusimama mtu. Nikatoka mlango wa kulia kuhakikisha, nikaona la kijani. Nikarudi kwenye maikrofoni: "Na mwenye la kijani naye atusaidie!"

Bibi harusi akaanza kulia, maana wazee wake kule Lituhi walishajipanga njiani kuwapokea. Bwana harusi akachungulia nje.

"Mjomba, si gari lako hilo?"

Mjomba, mgeni kutoka Dar, akasimama.

"Shikamoo, mjomba. Lako ni lipi?" nikauliza, maikrofoni ikiwa wazi.

"Marahaba. Yote mawili, mwanangu. Rangi yake hugeuka kwa mwanga, na duniani yapo machache. Ila mimi nilinunua la bluu, ndiyo maana nilikaa kimya."

Kanisa zima likaangua kicheko. Padri akataka kujua kadi ya gari inasemaje. Mjomba akaitoa mfukoni, akasoma: "Nyeusi."