Bakuli la Bibi kwenye Nguzo ya Kaburi

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikaa River Road, Nairobi, chumba cha juu ya duka la misumari na rangi, pamoja na mama yangu aliyekataa katakata kulipenda jiji. Niliona mengi pale. Lakini siku bosi wangu alipofungua lile boksi mezani, nilikaa bila kukaribishwa.

Nilikuwa mpiga taipu wake. Yeye alikuwa mtafiti wa mambo ya kale, kijana bado, mtoto wa wakulima wa pembeni mwa Nairobi, na ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja katikati ya jiji, orofa ya tatu, kimejaa vigae na vumbi. Kiswahili chake, masikini, kilikuwa cha bara haswa: "Dada, leta ile kitabu yangu." Mimi mtu wa pwani nilimcheka waziwazi, naye hakukasirika hata siku moja. Nilimheshimu kwa hilo.

Kilichomshughulisha ni makaburi ya nguzo ya kwetu, yale makaburi ya kale ya mawe yenye nguzo ndefu upande wa kichwani, na kwenye nguzo pana tundu la kukazia bakuli la kauri. Mzee mmoja wa Kizungu aliyemfundisha, mkaazi wa Loresho, mtaa wa matajiri jijini, alikuwa ameandika kwamba yalijengwa na wageni waliofika kwa bahari, eti wenyeji hawakujua kujenga kwa mawe. Wengine wote wakaandika hivyo hivyo. Bosi wangu akasema si kweli; wenyeji ndio waliojenga, tena kabla hao wageni hawajafika.

"Utajuaje?" nilimuuliza.

"Kwa bakuli. Fundi anaikaza wakati chokaa bado ni mbichi. Ukijua umri ya bakuli, umejua umri ya kaburi."

Mabakuli ya kijani ndiyo ya zamani zaidi, alinieleza; ya buluu yalifuata. Yeye alikuwa amegundua moja la buluu kwenye kaburi la mtaa wa kwetu, la zamani kidogo kuliko kufika kwa hao wageni. "Ingekuwa ya kijani," alisema, "singehitaji kubishana na mtu."

Niseme ukweli: nilitaka awe sahihi kuliko alivyotaka mwenyewe. Shuleni nilifundishwa kwamba babu zangu walikaa tu wakitazama watu wengine wakijenga. Nilizipiga kurasa za hotuba yake kwa hasira na furaha mpaka vidole vikauma. Jumamosi alasiri angeisoma hotuba ile mbele ya wakubwa, na kazi yake ya kudumu ilitegemea siku hiyo.

Jumatano ndipo akaja na boksi. "Nimeing'oa ili waione kwa macho," alisema, akafunua pamba.

Lahaula! Samaki wawili wa buluu, mkia kwa mkia. Ufa ulioshonwa kwa waya wa shaba. Na pale ukingoni, pengo dogo nililolifanya mimi mwenyewe kwa kijiko cha chuma, nikachapwa. Nilinywea uji bakuli lile utotoni. Lilikuwa la bibi yangu.

Nilirudi kwenye taipu yangu. Jamani, ningesema nini? Ule waya wa shaba ulikuwa na ukurasa wake mzima, nimeupiga jana yake: eti ni ushahidi kwamba wajenzi wa kale walilithamini sana bakuli. Aliyeushona ni fundi wa taa wa mtaani kwetu. Tena bosi wangu aliandika kwamba chokaa inayolizunguka ni nyeupe kuliko ya kaburi zima, akasema ni kwa sababu ya mvua. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, chokaa mpya, akalisukuma kando kwa kuwa halikumfaa.

Nilimwambia mama nilipofika nyumbani. Upawa ulimtoka mkononi.

"Wameling'oa? Wewe mtoto, unajua lile bakuli ni nini?"

Sikujua. Ndipo nikaambiwa, nikiwa mtu mzima tayari. Nilipokuwa na miaka sita niliugua surua hadi watu wakakata tamaa, sanda ikawa imeshanunuliwa. Bibi akaenda kwenye kaburi lile na ubani na marashi, akaweka nadhiri: mjukuu akipona, lile tundu tupu la kwenye nguzo atalijaza kwa kitu anachokipenda kuliko vyote nyumbani. Nikapona. Akachanganya chokaa kwa mikono yake.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mjomba wako ni mwalimu wa dini, mambo ya makaburini hataki hata kuyasikia. Sisi wanawake tulikwenda, tukanyamaza."

"Lakini bosi wangu aliwauliza watu wa pale!"

"Aliwauliza wanaume," mama alisema, na machozi yakamtoka. "Lirudishwe. Ile ni nadhiri ya roho yako."

Asubuhi nilimweleza bosi wangu yote. Alilitazama bakuli, akautazama waya. "Una hakika?" Nikamwonyesha pengo. Alicheka kicheko kibaya, kikakatika katikati. Nilimwonea huruma, na naona haya kuliandika hili, lakini nililisema: "Tunyamaze tu. Tulirudishe baada ya Jumamosi. Nani atajua?"

"Mimi najua, dada," alijibu.

Jumamosi alisimama ukumbini, akazigeuza kurasa zangu kifudifudi, akasema bakuli hili lisitumike kupima umri wa kaburi, kwa sababu liliwekwa juzijuzi na bibi mmoja aliyeuguliwa na mjukuu. Ukumbi ukaangua kicheko. Yule mzee wa Loresho alicheka kuliko wote, akijipiga goti. Damu ilinipanda. Mimi, mpiga taipu, niliyekaa nyuma kabisa na buibui langu, nikajikuta nimesimama.

"Mjukuu mwenyewe ni mimi," nilisema. "Na wewe mzee, umri wa makaburi yako yote umeupata kwa mabakuli hayo hayo. Uliwauliza wanawake ni yapi waliyoyaweka wao?"

Kicheko kikafa. Mzee akaanza kuipapasa mifuko akitafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Mimi sikuamini kwamba sauti ile ilitoka kwangu.

Kazi hakupewa. Barua ilikuwa ya mistari miwili, niliisoma mara tatu nikidhani nimeruka neno. Yeye aliikunja, akateremka nami River Road, akanunua chokaa kwenye lile duka la chini yetu. Tukasafiri sote watatu hadi pwani, boksi mapajani mwa mama.

Pale kaburini mama alifukiza ubani kwanza, kisha akachanganya chokaa. Bosi wangu alilishika bakuli kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuzika kazi yake. Mama akaingiza vidole tunduni kufuta vumbi.

"Bakuli hili lilikuwa dogo tangu siku ile," alisema bila kugeuka. "Lile la kwanza lilijaa sawasawa."

"La kwanza?" bosi wangu aliuliza.

"Ndiyo, mwanangu. Bibi wa bibi yangu alizaliwa akalikuta. Lilidondoka wakati mimi msichana, likavunjika. Tukavifukia vipande hapo hapo, watoto wasijikate."

Bakuli lilimteleza mikononi, nikalipokea kabla halijaanguka.

"Ilikuwa rangi gani, mama?"

"Kijani," mama alijibu, akachota chokaa. "Hebu sogea basi, umevikanyaga."

Hakusogea. Alisimama vile vile, ameinamisha kichwa, anaitazama miguu yake, na mimi na bakuli la bibi mkononi nikaitazama pia.