Kilemba cha Msusi

Kinyozi hajinyoi, lakini msusi wetu alizidi: kichwa chake hakuna aliyewahi kukiona. Ndiyo maana tulimwita Mama Kilemba. Mimi nasuka kiti cha pili hapa saluni, na wateja walipomtania kwamba anaficha dhahabu, nilicheka nao. Siku moja kilemba kikanasa kwenye waya wa draya, nikaona. Utosi mzima ulikuwa laini kama kiganja.

"Nazing'oa mwenyewe," aliniambia, akijifunga upesi. "Nilianza nina miaka kumi na miwili. Mkono unakwenda tu, shoga yangu. Nikishang'oa napata nafuu, halafu naona aibu. Nyumbani walinipaka dawa ya mapunye, wakaninyoa, wakanichapa. Wapi!"

Tangu hapo sikucheka tena. Kilichomnyima raha zaidi ni binti yake, aliyekuwa anaukaribia umri uleule. Maji hufuata mkondo, alisema. Basi kila Jumapili alimkalisha mtoto chini hapa saluni, mgongo kwenye magoti yake, akamsuka mistari myembamba na kuikaza hasa, ili vidole visipate pa kushika.

"Utamtoa mtoto macho!" nilimkemea.

Hakusikia. Kabla ya kusuka alikagua kichwa chote kwa ncha ya kitana, kisha akashusha pumzi. "Bado," alininong'oneza. Mtoto mwenyewe hakuambiwa kitu. Hilo liliniudhi, nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Alininunia wiki nzima.

Mtoto akatimiza miaka kumi na miwili. Miezi ikapita, nywele zote zipo. Mama Kilemba akaanza hata kuimba kazini, kwa sauti mbovu ajabu, nasi tukamvumilia kwa sababu tulimpenda.

Jumapili moja alikaza mistari mpaka mtoto akatokwa machozi, akayafuta kwa kiganja. Kiganja kikawa cheusi kwa wanja. Mama akamgeuza uso amfute vizuri, akabaki ameushika vile vile. Jicho la kulia halikuwa na ukope hata mmoja. La kushoto zilibaki chache pembeni. Wanja ndio uliokuwa ukiziba. Jumapili zote zile alikuwa amemkagua kwa nyuma.

"Usinichape, mama," msichana alisema. "Nywele ukizibana, mkono unahamia huku. Sijui nina nini. Hakuna mtu mwingine anayefanya hivi."

Mama Kilemba alipiga magoti mbele yake. Vidole vilivyosuka mtaa mzima vilihangaika na fundo la kilemba, nikataka kumsaidia, nikajizuia. Likafunguka. Wateja wawili walikuwepo.

Mtoto aliugusa ule utosi. "Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa kama wewe."

Akauondoa mkono.

"Kumbe ulijua," alisema. "Ulijua, mama, ukaniacha nidhani niko peke yangu."