Siku Kijiti Kililala Juu ya Majani Chai

Shida zangu zilianza mwaka wa 1971 nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa, nikatoka darasa la tatu nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu, na tangu siku hiyo sijaogopa kitu, si njaa, si baridi ya alfajiri kwa majani chai, si mtu yeyote. Kwa hivyo mkinisikia nikisema niliaibika, jueni niliaibika kweli, tena mbele ya watu wengi, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe.

Zilikuwa mbio za marathoni za kupokezana. Watu wanne wanagawana zile kilomita arobaini na mbili, wa kwanza anatoka Chepilat na kijiti mkononi, anampa wa pili, hivyo hivyo mpaka wa nne aingie nacho uwanja wa Roret. Waandalizi walisema kila timu iwe na mtu mmoja aliyepita miaka sitini (nafikiri walitaka kitu cha kuchekesha watu, na walikipata). Zawadi ya kwanza ilikuwa mabati ya kuezeka jengo zima, na hapo ndipo sisi wakulima tulifungua macho, kwa sababu kituo chetu cha kupimia majani chai hakikuwa na paa tangu upepo uchukue ile ya zamani. Kina mama walikuwa wanasimama kwa mvua na vikapu wakingojea lori, majani yanalowa, karani anayasukuma kando anasema hayo hapimi, na mama anarudi nyumbani na kikapu kimejaa vile alivyokuja nacho. Nimemwona mjane akimwaga majani ya siku nzima kwa mtaro. Basi Jumapili moja nikasimama kanisani nikasema, "Hayo mabati hesabuni ni yetu. Mimi nitakimbia." Wakapiga makofi, na mimi makofi huniingia kichwani kama pombe ya busaa, ukweli usemwe.

Timu ilikuwa Mwalimu Rono, halafu Otieno, fundi wa kiwandani, mtu wa kutoka ziwani ambaye amekaa kwetu mpaka anakunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kutushinda, halafu Chelangat, mke wa kijana wangu Wesley, na mimi. Kapteni alikuwa Chelangat, kwa sababu ndiye mwenye mbio kweli. Alipanga nianze mimi, lakini hakuniambia, alimwambia Otieno aniambie. Hivyo ndivyo tunaishi. Kwetu, sisi wa rika langu, mzee hashikani mkono na mke wa mtoto wake. Chai yangu Chelangat anaiweka kwa kiti kidogo, anageuka, anaenda, ndipo naichukua. Miaka kumi na moja namna hiyo, na nyumbani kuna amani. Wengi wameacha mambo haya. Mimi sikuacha, kwa sababu nani wa kuniambia niache?

Nikakataa kuanza. Nikasema mimi nitamaliza. Huo ndio uamuzi mdogo ulionimaliza. Nilitaka kukata ule utepe, na tayari nilikuwa nimemwambia Mama Wesley asimame pale mwisho na kibuyu cha mursik, vile tunapokea washindi, na mpiga picha awe karibu.

"Boiyot," Otieno akaniuliza (ndivyo tunavyomwita mzee kwetu), "umefikiria hii mambo vizuri?"

"Nilifikiria kabla wewe hujazaliwa."

Siku ikafika. Kaptura sikuvaa, mzee hawezi kumwonyesha mke wa mtoto wake mapaja, nilivaa suruali yangu ya kanisa nikaifunga kiunoni na kamba ya katani. Nikasimama kando ya shamba la majani chai, mahali pa kupokelea, nikingoja. Rono alikimbia vizuri, Otieno akakimbia kama amefukuzwa na nyuki, na Chelangat sasa akatokea kwenye kona peke yake, nyuma yake hakuna mtu, barabara yote nyeupe. Watu wakapiga kelele. Nikanyoosha mkono. Halafu nikaona mkono wake umenyooshwa pia, unakuja, vidole na yote, na ndipo niliporudisha wangu kama mtu ameshika sufuria ya moto.

Naye akasimama. Akaangalia chini. Halafu akafanya vile anafanya nyumbani, akaweka kijiti juu ya majani chai (yalikuwa yamechunwa juzi, yamelala sawa kama meza), akageuka, akaenda kando. Mimi pia nikafanya vile nafanya nyumbani, nikangoja aende, nikachukua, nikakimbia.

Hatua ishirini. Mwamuzi, mama mmoja mnene mwenye filimbi, akapuliza mpaka ng'ombe wakageuka. "Mzee! Rudi! Kijiti kinatoka mkononi kinaingia mkononi! Hakiokotwi!"

Nikarudi. Na kwa akili yangu nikakirudisha palepale juu ya majani chai ili tuanze upya.

"Sasa hiyo ni nini," akauliza, "mmefungua duka?"

"Madam, kichukue wewe, unipe."

"Mimi si wa timu yako."

Nikavua kofia, nikaifungua kama sahani ya sadaka, nikamwonyesha Chelangat atumbukize ndani. Filimbi tena. Wakati huo watu walikuwa wamejaa, wengine wamepanda juu ya ukuta wa mtaro ndio waone, na Otieno akafika kwa pikipiki, akaona, akashika kichwa. "Boiyot, hiyo ni kijiti, si pete ya harusi! Shika!" Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kwenye kona akatokea msichana wa timu ya Ndanai, akampa mwenzake kijiti mbele ya macho yangu, tap, kama kupeana chumvi, na yule akaenda.

Chelangat akachukua kijiti. Akainua uso akaniangalia machoni, na hiyo miaka kumi na moja sikuwa nimejua macho yake ni ya rangi gani.

"Baba," akasema, pole pole, "kina mama wananyeshewa. Shika."

Nikashika. Vidole vikagusana. Sikuungua.

Nilikimbia hizo kilomita kumi na suruali ya kanisa ikipiga kama bendera, na siwadanganyi, nilikimbia, maana mguu huu niliujenga kwa milima. Lakini yule wa Ndanai sikumpata. Nikaingia wa pili, na nikamkuta Mama Wesley na kibuyu kitupu, mursik yangu yote amempa mtu wa Ndanai. "Si uliniambia nimpe anayeingia wa kwanza?" Tukapewa chupa nne za kuwekea chai.

Wiki hiyo hakuna mahali nilipita bila kuchekwa. Sokoni Roret nikinunua nyanya, mama mboga anaziweka chini, anageuka kunipa mgongo, wenzake wanaanguka kwa kicheko. Hiyo niliweza. Ile sikuweza ni Jumatatu, mvua ilinyesha, na wale kina mama walisimama kituoni na vikapu vyao na hakuna hata mmoja aliyenicheka. Walinisalimia tu. Jumatano nikauza fahali wangu, yule ambaye watu walitoka mbali kuleta ng'ombe wao kwake, nikanunua mabati. Nikapanda juu mwenyewe kupigilia, na Chelangat alisimama kwa ngazi akinipa misumari, mkono kwa mkono, mpaka jioni, na hakuna aliyekufa.

Tangu hapo nimeapa. Mbio zikija tena naanza mimi, kijiti napewa na mwamuzi.

Leo nina ekari nne za majani chai. Nina ng'ombe sita wa maziwa, nyumba ya mawe, mashine ya kusaga mahindi, na pikapu inayowaka ikijisikia. Nina chupa moja ya chai, na nikimiminiwa kikombe nakipokea mkononi. Fahali sina. Yuko juu ya kituo, na mvua ikinyesha namsikia.