Mashine ya Edisa Isiyonguruma

Edisa wa Bwera hakuwa mtu wa kusahau. Marehemu mumewe Danieri, fundi wa redio kambini Kasese, alimwachia pasi ya kuchomea nyaya kwa risasi na kasha la lampe, zile taa za kioo za redio za zamani. Kwa vitu hivyo akaunda amplifaya kwa mikono yake.

Mwaka 2012 aliipeleka harusini Karambi. Bwana harusi alipofungua kinywa tu, spika zikanguruma hadi kuifunika sauti yake, mpaka mwisho wa ibada. Asanasio, fundi mwenye kibanda sokoni, akapaza sauti: "Mama Edisa, ng'ombe wako anataka kukamuliwa!" Watu wakacheka wakishika mbavu. Tangu hapo kwaya zote zikamkodi Asanasio, na Edisa akawa Mama Ng'ombe hata kisimani.

Jioni ya harusi ile, alipofika nyumbani, akafungua mashine. Waya wa ardhini, ule unaozuia mvumo, ulikuwa umekatwa kwa koleo. Aliyekaa karibu nayo siku ile ni Asanasio, lakini shahidi yuko wapi? 

Akafumua yote. Nyaya za kuwasha lampe akazisokota mbili mbili kama kamba ya mbuzi, akazilaza kwenye kona za kasha. Transfoma ya umeme akaigeuza ubavu, isitazamane na ya spika. Waya wa maiki akaufupisha na kuuvika ala. Nyaya za ardhini zote akazikusanya kwenye bolti moja. Kila alipochomea, alitaja jina la Asanasio. Akisikia mvumo hata wa nyuki mmoja, alifumua tena. Miaka mitatu.

Mwaka 2015, sikukuu ya mavuno, Mchungaji Semu akasema mashine zote mbili zijaribiwe, kanisa lichague moja. Ya Asanasio ikanguruma kidogo, kama ilivyo kawaida, watu wakapiga makofi. Huku kwetu mashine isiyonguruma hata kidogo huhesabiwa maiti. Edisa akawasha yake. Kimya.

"Imekufa!" wakasema.

"Kaka, fundi ni wewe," Edisa akamwambia Asanasio. "Shika maiki, mimi niangalie nyuma."

Akashika. Akamwinamia kiongozi wa kwaya aitwaye Kule, akinong'ona kwa kicheko: "Ile ya harusi nilikata waya mimi mwenyewe. Leo sikugusa kitu, na iko kufa yenyewe!"

Maneno yakatoka kwenye spika zote mbili, safi, hata mate yakisikika mdomoni.  Kisha bibi mmoja wa nyuma akasema, "Eh! Kumbe ng'ombe ndiye huyu!"

Kwaya zikamkimbia Asanasio. Wiki ya pili akafika mlangoni kwa Edisa, kofia mkononi.

"Dada, nisamehe. Nionyeshe tu namna ya kunyamazisha mvumo."

Edisa akafunua kasha, akamwacha atazame kwa muda wa ubeti mmoja wa wimbo. Asanasio alipoinama kuhesabu nyaya za ile bolti, Edisa akafunika.

"Umeona kwamba inawezekana," akasema kwa sauti ya kufika kwa majirani. "Sasa rudi nyumbani, ukamkamue ng'ombe wako."