Mwanzi Nyuma ya Jiko

Uwanja wa nyumba niliyopanga Miyuji hautoshi hata kugeuza bajaji. Ndiyo maana, kwa redio yangu ya kuzungumza na watu wa mbali, nilichagua antena ya kusimama wima: waya mmoja uliofungwa kwenye mwanzi mrefu nyuma ya jiko, na nyaya nyingine nilizozifukia zikifuata ukuta hadi getini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama wikiendi nzima, nikichimba udongo mgumu, majirani wakinicheka na kusema nitawaletea radi.

Mwenye nyumba, mama wa Kirangi kutoka Kondoa, ndiye aliyewanyamazisha. Mumewe alikuwa mgonjwa, hatoki kitandani, lakini mwanzi aliunyoosha yeye, kwa kuniamuru kupitia dirishani. "Vuta kushoto! Umepinda kama mkia wa mbwa." Tangu hapo kila nikirudi kazini aliniuliza, "Wamejibu?"

"Bado, baba."

Akafariki kukiwa bado hakuna aliyejibu.

Siku ya hitima ya arobaini nilibeba viti, nikafunga turubai, nikampisha fundi wa spika apitishe nyaya zake kando ya ukuta, juu kabisa ya zile zangu. Niliziona. Kichwa changu hiki kinachojidai kujua mawimbi hakikuniambia kitu. Wageni walipokuwa wakiketi nikajipenyeza chumbani nisikilize kidogo tu, nikavaa vile visikilizio vinavyoziba masikio. Mlevi wa redio akisema kidogo, msimwamini.

Nikaita. Kwa mara ya kwanza nikaitikiwa: mzee wa Kipemba anayeishi Uarabuni, sauti yake nyembamba lakini kamili. Nikapayuka kwa furaha, "Nakusikia! Nakusikia vizuri kabisa, mzee wangu!"

Jirani aliingia bila kubisha hodi, akanivua visikilizio. "Zima! Unatokea kwenye spika!"

Nilitoka mbio. Watu wote walikuwa wamezigeukia spika. Shehe alikuwa ndiyo kwanza amelitaja jina la marehemu kwenye dua, na spika zikajibu kwa sauti ya mwanamume anayecheka. Katikati ya wanawake waliokaa mkekani, mama alikuwa amesimama peke yake, mkono kifuani, macho kwenye dirisha la chumba cha mumewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ningepata shimo, ningejifukia pamoja na nyaya zangu.

Shehe aliendelea na dua. Mimi sikuthubutu kugusa pilau.

Wageni walipoondoka nilimfuata mama jikoni, nikachuchumaa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nisamehe, mama. Kesho naung'oa ule mwanzi."

"Uache. Baba yako aliunyoosha mwenyewe." Alisugua sufuria bila kunitazama. "Kwani ndiyo wamejibu?"

"Wamejibu, mama." Nilisema nikitazama chini.

Akaiinamisha sufuria maji yachuruzike.

"Nilijua ni wewe, mwanangu," alisema. "Ila nilikuwa nimeshamwitikia baba yako."